Bwawa la Duara Lina Lita Ngapi? Hesabu ya Maji kwa Watu wa Nyanda za Juu Kusini

(Mhadhara uliotolewa Iringa mjini mbele ya walimu wa hisabati, mafundi ujenzi, wanafunzi na viongozi wa jumuiya za watumia maji kutoka Iringa na Mbeya)

  

Lengo langu leo ni moja. Nataka kila mtu atakayetoka katika ukumbi huu aweze kusimama mbele ya bwawa la kuogelea la duara, tangi la zege la shule, simtanki au kidimbwi cha samaki, na baada ya dakika kumi aseme bila kubabaika: hapa pana lita kadhaa. Hesabu yenyewe imo katika vitabu vya shule ya msingi, katika mada ya ujazo wa mcheduara. Wengi wetu tuliifanya, tukapata tiki, tukaiacha darasani. Nasema leo kwamba hesabu ile ni mali ya kijiji, na kijiji kisichoijua hupoteza maji, fedha na hata afya.

Kwa nini jambo hili lituhusu sisi hasa? Kwa sababu kwetu mvua ina msimu mmoja. Sehemu nyingi huanza Novemba au Desemba, ikaisha Aprili au mwanzoni mwa Mei, kisha kiangazi hushika miezi mingi mfululizo. Mji wa Tukuyu, mkoani Mbeya, hupata zaidi ya milimita 2000 za mvua kwa mwaka. Iringa mjini haifikii nusu ya kiasi hicho. Mto Ruaha Mkuu, unaokusanya maji ya bonde la Usangu kule Mbarali na kuyapeleka bwawa la Mtera, umekuwa ukikauka wakati wa kiangazi ndani ya Hifadhi ya Taifa ya Ruaha tangu miaka ya mwanzo ya 1990. Watu wa nchi ya namna hii hawawezi kuishi kwa kukisia akiba yao.

Nitatoa hoja tano.

1. Eneo kwanza, kina baadaye

Ujazo wa chombo chochote chenye kuta zilizosimama wima ni eneo la sakafu yake mara kina cha maji. Kwa hiyo kazi yote iko katika kupata eneo la duara.

Walimu, naomba jambo hili mlifundishe uwanjani kabla ya ubaoni. Chukueni kigingi, kamba na kijiti. Funga kamba kwenye kigingi, zunguka nayo, chora duara kwenye udongo. Urefu wa kamba ndio nusu kipenyo. Sasa chora mraba ambao kila upande wake ni sawa na kamba ile, kisha ujaze punje za mahindi katika tabaka moja. Hamishia punje zile ndani ya duara. Watoto wataona kwamba duara linameza miraba mitatu, na bado linabaki na nafasi kidogo, kama sehemu moja ya saba ya mraba. Idadi hiyo, tatu na ushei, ndiyo pai. Archimedes wa Siracusa, katika karne ya 3 kabla ya Kristo, alithibitisha kwamba iko kati ya 3 na 10/71 na 3 na 1/7. Shuleni tunaiandika 22/7 au 3.14, na kwa kazi ya maji yote mawili yanatosha.

Lakini fundi hapimi nusu kipenyo. Katikati ya tangi hakuna alama, na katika bwawa lililojaa huwezi kwenda kuitafuta. Fundi hupima kipenyo, yaani upana wa duara kupitia katikati. Kwa hiyo nampa kanuni inayoanzia kwenye kipimo alicho nacho mkononi: zidisha kipenyo kwa kipenyo, zidisha kwa 0.785, kisha zidisha kwa kina. Namba 0.785 ni robo ya pai. Ukipima kwa mita, jibu ni mita za ujazo, na kila mita moja ya ujazo ni lita 1000.

Tuifanye pamoja. Tangi lina kipenyo cha mita 4 na kina cha mita 2. Nne mara nne ni 16. Kumi na sita mara 0.785 ni 12.56; hilo ni eneo la sakafu kwa mita za mraba. Mara kina cha mita 2, tunapata mita za ujazo 25.12, yaani lita 25,120. Naona mama mmoja pale mbele amepata jibu kabla yangu kwa kalamu tu, bila simu. Hongera sana, mama.

Kutokana na kanuni hii, wekeni moyoni jambo moja: kipenyo kinaingia mara mbili, kina kinaingia mara moja. Ukiongeza kina maradufu, maji yanakuwa maradufu. Ukiongeza kipenyo maradufu, maji yanakuwa mara nne. Ndiyo maana kosa dogo la upana huumiza kuliko kosa dogo la kina.

2. Hesabu huharibika kwenye kipimo

Nimekagua hesabu nyingi za matangi, na mara nyingi kuzidisha kumekwenda vizuri. Tatizo limekuwa namba zilizoingizwa. Mafundi, hapa nawaomba mnisikilize kwa makini.

Kwanza, pimeni ndani. Turudi kwenye tangi letu la mita 4. Tuseme mita 4 ni kipimo cha nje, na ukuta wa tofali pamoja na lipu una unene wa sentimita 20. Ukuta unakatwa pande zote mbili, kwa hiyo kipenyo cha ndani ni mita 3.6. Eneo linashuka kutoka 12.56 hadi mita za mraba 10.17.

Pili, kina cha maji hakiishii ukingoni. Kinaishia penye bomba la kufurikia, kwa kuwa maji hayapandi zaidi ya hapo. Kama bomba liko sentimita 15 chini ya ukingo, kina halali ni mita 1.85. Mara eneo la 10.17, tunapata takriban mita za ujazo 18.82. Tangi lililotangazwa kuwa la lita 25,120 linabeba lita 18,820. Zimepotea lita 6,300, yaani ndoo 315 za lita ishirini, na hakuna aliyeiba hata kikombe.

Tieni uzito katika tofauti hiyo. Shule yenye wanafunzi 400, kila mmoja akipewa lita moja ya kunywa kwa siku, ikiamini namba ya kwanza itapanga maji ya siku 62. Maji yatakwisha siku ya 47. Siku kumi na tano zilizobaki watoto wataingia darasani na kiu, au watatumwa mtoni na ndoo wakati wa masomo.

Tatu, kama tangi limefunikwa na ndani hapafikiki, tumieni mzingo. Zungushieni kamba ukutani kwa nje, ipimeni kwa futikamba, gawanyeni kwa 3.14, hapo mna kipenyo cha nje. Kamba ya mita 12.56 inatoa mita 4. Kisha toeni unene wa ukuta mara mbili. Na nne, pimeni kipenyo kwa njia mbili zinazokatana kama msalaba, mchukue wastani, kwa sababu duara lililojengwa kwa mkono aghalabu huwa limepinda kidogo upande mmoja.

3. Umbo la chini lina kauli yake

Hadi sasa tumechukulia kwamba sakafu imenyooka na kuta ziko wima. Mabwawa mengi hayako hivyo.

Bwawa la kuogelea lina upande wa watoto na upande wa waogeleaji. Tuseme ni duara la mita 8, kina mita 1 upande huu na mita 1.8 upande ule, na sakafu inateremka kwa mstari ulionyooka. Jumlisha vina viwili, gawanya kwa mbili: wastani ni mita 1.4. Eneo ni 64 mara 0.785, yaani mita za mraba 50.24. Ujazo ni mita za ujazo 70.34, au lita 70,340. Sera ya Taifa ya Maji ya mwaka 2002 iliweka lengo la lita 25 kwa mtu kwa siku vijijini. Bwawa hilo moja, basi, lina maji ya siku moja ya watu zaidi ya 2,800. Silisemi hili kumlaumu mwenye bwawa. Nalisema ili anayeomba kujaza bwawa na anayempa kibali wote wawili wawe na namba hiyo mezani.

Angalizo: wastani wa vina viwili unafaa pale tu mteremko unapokuwa sawa kutoka ukuta hadi ukuta. Kama sakafu ina ngazi au shimo la ghafla, gawanyeni bwawa vipande, mpige hesabu ya kila kipande peke yake.

Kidimbwi cha samaki kilichochimbwa ardhini kina kuta za mteremko, chini kimebana na juu kimepanuka. Chukua kidimbwi chenye kipenyo cha mita 10 juu, mita 6 chini na kina cha mita 1.5. Anayetumia kipenyo cha juu atasema mita za ujazo 117.75. Anayetumia wastani wa vipenyo, yaani mita 8, atasema 75.36. Kanuni kamili ya umbo hilo inatoa mita za ujazo 76.9. Kwa hiyo mfugaji anayetumia wastani wa vipenyo amekosea kwa sehemu mbili tu katika mia, na anayetumia kipenyo cha juu amezidisha kwa zaidi ya nusu. Vifaranga atakaopandikiza kwa hesabu ya kipenyo cha juu watabanana kuliko alivyokusudia.

Na kama bwawa si duara kabisa? Kanuni inabaki ileile, namba ndiyo inayobadilika. Kule Kilwa Kisiwani, katika jumba la Husuni Kubwa la karne ya 14, liko bwawa la pembe nane. Kwa umbo la pembe nane zilizo sawa, upana kutoka ukuta hadi ukuta unaoelekeana nao unazidishwa kwa wenyewe, kisha kwa 0.83 badala ya 0.785. Kwa mraba ni 1 kamili. Oneni jinsi duara, pembe nane na mraba vinavyokaa katika familia moja.

4. Lita kwa sentimita

Hii ndiyo hoja ninayoithamini kuliko zote, na msiposhika nyingine yoyote, shikeni hii.

Ukishajua eneo la tangi, huhitaji tena kurudia hesabu nzima. Unahitaji namba moja: sentimita moja ya kina ina lita ngapi? Zidisha eneo kwa kumi. Tangi letu lenye eneo la mita za mraba 10.17 lina karibu lita 102 kwa kila sentimita. Tumbukiza fimbo safi iliyochorwa sentimita, soma alama ya maji, zidisha kwa 102. Mlinzi wa shule anaweza kuifanya kazi hii kila asubuhi.

Namba hiyo hufichua uvujaji. Funga koki zote jioni na zuia maji yasiingie. Weka kando ndoo yenye maji, nayo iwe wazi juani na kwenye upepo kama tangi lilivyo wazi. Baada ya siku moja pima vyote viwili. Kama maji ya ndoo yameshuka nusu sentimita, huo ni mvuke. Kama ya tangi yameshuka sentimita tatu, tofauti ya sentimita mbili na nusu imepita kwenye ufa. Mara 102, hizo ni takriban lita 255 kwa siku. Fundi akipewa namba hiyo, atatafuta ufa kwa bidii nyingine.

Njia hiyo pia hupima mvua. Milimita moja ya mvua juu ya mita moja ya mraba ni lita moja. Paa la darasa lenye urefu wa mita 20 na upana wa mita 8 ni mita za mraba 160. Tukichukua kwamba bati na gata zinafikisha asilimia 80 ya maji tangini, kila milimita inaleta lita 128. Tangi letu la lita 18,820 linajazwa na takriban milimita 147. Hata Iringa mjini kiasi hicho hunyesha na kuzidi kabla msimu haujaisha. Basi shule nyingi zinazolalamikia uhaba wa mvua zina uhaba wa tangi, na mvua ya Februari inamwagika kwenye gata iliyojaa.

Tena tazameni namba hii ya lita kwa sentimita inavyokua pamoja na ukubwa wa maji. Ziwa Masoko kule Rungwe, ziwa la shimo la volkeno, lina umbo la karibu duara lenye upana wa karibu mita 700, na eneo la takriban hekta 38. Sentimita moja ya ziwa lile ni lita milioni 3.8. Bwawa la Mtera halina umbo la duara, lakini likijaa lina zaidi ya kilomita za mraba 600. Sentimita moja ya juu ni zaidi ya mita za ujazo milioni sita. Maji ya Mtera hutumika kuzalisha umeme kati ya kimo cha mita 690 na mita 698.5 juu ya usawa wa bahari. Kwa kuwa bwawa lile hupanuka kadiri linavyojaa, mita ya juu kabisa ina maji mengi kuliko mita ya chini. Mkisikia redioni kwamba kina kimeshuka mita moja, ulizeni: mita ipi?

5. Anayejua ujazo halaghaiwi, wala hadhuru

Hoja ya mwisho inahusu fedha na dawa.

Boza la maji ni tangi la duara au duaradufu lililolazwa. Zidisha upana kwa kimo, kwa 0.785, kisha kwa urefu. Boza lenye upana wa mita 2, kimo cha mita 1.4 na urefu wa mita 4 lina mita za ujazo 8.79. Kama mmelipia lita 10,000, mna haki ya kuuliza lita zaidi ya 1,200 ziko wapi. Muulize kwa adabu, mkiwa na futikamba mkononi. Vivyo hivyo kwenye mkataba wa ujenzi: andikeni kipenyo cha ndani na kina hadi bomba la kufurikia, msiandike tu “tangi la lita 25,000”. Sheria ya Huduma za Maji na Usafi wa Mazingira ya mwaka 2019, iliyoanzisha RUWASA, yaani Wakala wa Maji na Usafi wa Mazingira Vijijini, imeziweka jumuiya za watumia maji ziendeshe miradi vijijini. Aliyekabidhiwa mradi hana budi kujua kilichomo.

Kuhusu dawa, kosa hugusa mwili. Turudi kwenye bwawa la kuogelea la lita 70,340. Kuongeza miligramu 2 za klorini kwa kila lita kunahitaji gramu 141 za klorini halisi. Unga wenye nguvu ya asilimia 65 utapimwa gramu 216. Sasa mhudumu akichukua kipenyo cha mita 8 akakitumia kama nusu kipenyo, ujazo wake unakuwa mara nne, naye atamwaga zaidi ya gramu 860. Macho na ngozi za waogeleaji zitalipa. Kwenye maji ya kunywa hatari kubwa iko upande wa pili. Akigawanya nusu kipenyo tena kwa mbili, atatia robo ya dawa, na maji yatabaki na vimelea huku watu wakiyaamini. Shirika la Afya Duniani linashauri klorini inayobaki isipungue miligramu 0.5 kwa lita baada ya nusu saa. Kipimo hicho hakiwezi kufikiwa kwa kukisia ujazo. Dozi ya mwisho mwachieni mtaalamu wa maji aliyepima maji yenyewe, lakini mpelekeeni ujazo sahihi.

Hitimisho

Ndugu zangu, namaliza kwa kutazama mbele. Kabla mvua za msimu ujao hazijaanza, naziomba shule na jumuiya za watumia maji za Iringa na Mbeya zifanye kazi moja isiyohitaji mfadhili. Walimu wa hisabati wachukue wanafunzi, futikamba na kamba, wapime kila tangi na kila bwawa la duara lililo karibu nao. Fundi awe nao aonyeshe unene wa ukuta na bomba la kufurikia. Wakishakubaliana, waandike ukutani kwa rangi, kwa tarakimu kubwa, mambo matatu: kipenyo cha ndani, ujazo hadi bomba la kufurikia, na lita kwa sentimita. Fimbo ya kupimia itunzwe hapohapo, na usomaji wa kila wiki uandikwe kwenye daftari la jumuiya.

Tukifanya hivyo, mtoto wa darasa la saba atajifunza ujazo wa mcheduara kwa tangi analonywea, mwenyekiti wa jumuiya atasoma taarifa yenye namba badala ya “maji yamepungua”, na fundi atajenga akijua kwamba kazi yake itapimwa. Hesabu tunayo, kamba tunayo, watoto wa kuifanya tunao. Twendeni tukapime.